Kisa Kilichoanzia Gotini

Dawa zililetwa wodini ndani ya kapu la sokoni. Daktari wa zamu alikuwa amewaambia ndugu warudi nyumbani wakusanye kila kidonge kilichomo, kiwe cha bibi au si cha bibi, nao wakatii kweli: bahasha za karatasi kumi na moja, pakiti mbili zilizokatwa kwa mkasi, chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha zamani, na kopo la Blue Band lenye kitu kinachochakacha ndani. Mimi niliitwa kwa simu kwa sababu bahasha moja ilikuwa na muhuri wa famasi ninayofanyia kazi hapa Moshi mjini, na juu yake mwandiko wangu: "2 x 2". Basi. Hakuna jina la dawa, hakuna tarehe.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 68, nitamwita Bibi tu. Familia imeniruhusu niandike, na nimebadilisha mambo machache yasiyogusa tiba. Ana kisukari aina ya pili kwa miaka 11, presha kwa muda mrefu kuliko hapo, uzito kilo 54. Anaishi upande wa Uru na mwanawe, mkwe na wajukuu.

Jumatano saa kumi na moja alfajiri mkwe alimkuta kitandani macho wazi, haoni mtu, anatamka maneno ya Kichaga yasiyoungana. Kanga aliyolalia ilikuwa imelowa kama iliyotoka kufuliwa. Jirani akasema ni kiharusi. Mwanawe akasema hapana, sukari imepanda, maana wiki iliyopita kliniki walisema iko juu; akaenda kuchukua Daonil, kidonge chake cha kushusha sukari, amwongezee. Bibi alikuwa ameuma meno, kidonge hakikupita. Ninaamini meno yale ndiyo yaliyompa nafasi ya kufika hospitalini. Walimpakia kwenye Noah ya jirani wakateremka naye mjini, na kipimo cha kidole kilipotolewa kilisoma 1.6 mmol/L. Chini ya 3.9 tunaita imeshuka. Kwa 1.6 ubongo unakuwa hauna chakula.

Alichomwa mililita 50 za dekstrosi ya asilimia 50, polepole, kwenye mshipa mkubwa. Dakika kumi hazikupita akauliza ni nani aliyemvua kanga yake. Ndugu wakaanza kukunja mablanketi. Kwao kazi ilikuwa imeisha: alizimia, amezinduka, sukari sasa ni 7.2, twende nyumbani tukapike. Daktari akagoma, na kugoma kule nakuheshimu kwa sababu zamu ilikuwa imefurika na kitanda kilikuwa kinatakiwa na mwingine. Saa nne baadaye kipimo kikasoma 2.4. Mtu aliyeshuka sukari kwa insulini ya kawaida unaweza kumlisha ukamwangalia kidogo akaenda. Aliyeshushwa na kidonge cha jamii ya Daonil, tena mzee, tena figo hazijulikani, atashuka tena mara ile dekstrosi ikiisha, na anaweza kuendelea kushuka siku moja, mbili, hata tatu. Aliwekewa dripu ya asilimia 10, akawa analishwa mtori kila baada ya muda, akapimwa kidole usiku kucha. Ilitulia Ijumaa.

Majibu ya damu nayo yakaja na yake: kriatinini, kipimo cha kazi ya figo, 168, na potasiamu 5.8, zote mbili juu.

Jioni ya siku ile ya kwanza mimi na daktari tulizipanga zile bahasha juu ya kabati la pembeni ya kitanda. Tulianza kuzipanga kwa ugonjwa, za sukari huku, za presha kule, hazikutuambia kitu. Tukazipanga upya kwa mahali zilikotoka, na hapo kisa kikaanza kusomeka.

Kutoka kliniki ya kisukari anakokwenda kila mwezi: glibenklamidi, yaani hiyo Daonil, 10 mg asubuhi na 5 mg jioni, metformini gramu moja mara mbili, losartani na atenololi za presha, haidroklorothiazidi ya kutoa maji, na aspirini ndogo. Kutoka zahanati, kupitia dirisha langu: Septrin, antibaiotiki yenye salfa, vidonge viwili mara mbili kwa siku saba. Kutoka duka la dawa la mtaani: diklofenaki, "ya magoti", na pakiti tupu ya kidonge kimoja cha flukonazoli, dawa ya fangasi, cha 150 mg. Sehemu tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa na orodha ya nyingine. Daftari la kliniki, lile daftari la shule lenye jalada gumu, lilikuwa nyumbani limefungiwa kabatini lisiharibiwe na watoto.

Tulimuuliza Bibi tarehe. Wazee hawakumbuki tarehe lakini wanakumbuka siku, na siku zinatosha.

Alhamisi ya wiki mbili nyuma, goti lilimkaza, akapelekwa akachomwa sindano ndani ya goti. Sindano ya namna ile kwa kawaida ni steroidi, na steroidi hata ikichomwa gotini hupandisha sukari ya mwenye kisukari kwa siku kadhaa. Hakuna aliyemwambia. Jumanne iliyofuata ilikuwa siku ya kliniki, na sukari ya asubuhi kabla ya kula ikasoma 13.1. Pale wagonjwa ni wengi na dakika ni chache. Tarakimu ilikuwa juu, dozi ikapandishwa. Alikuwa akimeza Daonil 5 asubuhi na 5 jioni, ikawa 10 na 5. Sindano ikaendelea kuisha mwilini kimyakimya, dozi ikabaki.

Wakati huohuo alikuwa anaamka usiku mara tano kukojoa. Sukari ikiwa 13, figo huimwaga kwenye mkojo na maji huifuata, hilo moja. La pili tuliligundua pale kitandani: ile dawa ya kutoa maji alikuwa anaimeza usiku, baada ya sala. Bahasha ilisema "1 x 1". Haikusema asubuhi. Anaimeza usiku tangu alipoanzishiwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ijumaa akaenda zahanati kulalamika mkojo. Na kwenye miji yetu ukilalamika mkojo, una UTI, na ukilalamika tumbo, una UTI, na ukichoka bila sababu, UTI hiyo imekuwa sugu. Nimekiona cheti cha maabara: sukari kwenye mkojo alama tatu, seli nyeupe alama moja, naitraiti, ile dalili ya bakteria, hakuna. Bibi hakuwa na homa wala maumivu ya kukojoa. Yule aliyesoma cheti aliona ile alama moja. Mimi leo naona zile tatu. Lakini mimi ninakisoma nikiwa nimekaa, na mwisho wa kisa naujua tayari.

Aliyekuja dirishani kwangu ni mjukuu, kijana wa sekondari bado yuko na sare.

"Shikamoo."

"Marahaba. Dawa za nani hizi?"

"Za bibi."

"Bibi ana aleji na dawa za salfa?"

"Hana."

Nikamhesabia vidonge 28, nikaandika 2 x 2, nikamwambia anywe maji mengi. Na ninakiri kwamba nilijisikia vizuri kwa kuuliza lile swali la salfa, kwa sababu wengi hawaliulizi. Ningeongeza maneno matatu tu, "bibi ana sukari?", Septrin ile isingetoka.

Ubaya ni kwamba swali la salfa lilikuwa mlangoni kabisa pa swali lenyewe. Mwaka 1942, mjini Montpellier nchini Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akiwatibu wagonjwa wa homa ya matumbo kwa dawa mpya ya salfa, akaona baadhi yao wanashuka sukari vibaya. Mwenzake Auguste Loubatières akaifuatilia, na kutoka kwenye madhara yale ikazaliwa jamii nzima ya vidonge vya kisukari tunavyoviita sulfonilurea, glibenklamidi ikiwamo. Septrin na Daonil ni binamu. Septrin ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na ile ya salfa inaweza yenyewe kuchokoza kongosho litoe insulini, hasa figo zikiwa zimechoka na dawa ikajikusanya.

Hiyo ndiyo njia ndogo. Njia kubwa inapita kwenye ini. Glibenklamidi huvunjwavunjwa huko na vimeng'enya, na mmoja wa muhimu unaitwa CYP2C9. Ufikirie kama mashine ya kusaga ya kijiji: moja, na foleni. Salfa ya Septrin inaishikilia mashine. Debe la Daonil linakaa kwenye foleni halisagwi, na kesho asubuhi anameza debe jingine. (Chuoni tulifundishwa kwamba dawa hizi zinasukumana kwenye protini za damu. Maelezo hayo yapo hadi leo kwenye madaftari mengi, lakini uzito wake umepungua sana; mashine ya ini ndiyo yenye kesi.) Figo nazo zina sehemu yao, kwa sababu masalia ya glibenklamidi hayajafa, bado yanashusha sukari, na yanategemea figo kutoka.

Kisha Jumatatu akaanza kuwashwa. Sukari ya juu inalisha fangasi, na antibaiotiki inaua bakteria wazuri wanaowazuia fangasi hao, kwa hiyo kuwashwa siku ya nne ya Septrin hakushangazi. Mkwe kwa nia njema akamnunulia kidonge kimoja cha flukonazoli. Kimoja tu, nani angekiogopa? Lakini flukonazoli inazuia mashine ileile, CYP2C9, na mwili huchukua kama saa 30 kuondoa nusu yake tu. Kidonge cha Jumatatu kilikuwa bado kinafanya kazi Jumatano alfajiri. Jumanne usiku Bibi hakuwa na hamu ya kula, akanywa uji nusu kikombe, akameza Daonil yake ya jioni kama alivyofundishwa, kwa sababu ni mgonjwa mtiifu.

Jasho lile la kanga lina maelezo yake. Sukari ikishuka mwili hupiga kengele: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka. Atenololi huzima kengele mbili za kwanza. Jasho haizimi. Bibi anasema usiku ule hakusikia moyo kwenda mbio kabisa, alisikia baridi tu, akavuta blanketi. Tangu hapo kila anayechukua atenololi au propranololi dirishani kwangu pamoja na dawa za sukari namwambia habari ya jasho, na namwambia mbele ya anayelala naye chumba kimoja ikiwezekana.

Potasiamu ya 5.8 nayo ina wazazi zaidi ya mmoja. Losartani huizuia isitoke. Ile dawa nyingine iliyomo ndani ya Septrin, trimethoprimu, huizuia pia. Diklofenaki inapunguza damu inayofika kwenye figo, na ikikutana na losartani na dawa ya kutoa maji, figo inabanwa pande tatu kwa pamoja. Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Diklofenaki inauzwa kwetu kama pipi, kwa bahasha isiyo na jina, na mgonjwa ukimuuliza anatumia dawa gani haitaji, kwa sababu kwake si dawa, ni "ya magoti". Bibi alikuwa akimeza mbili kila siku kwa miezi. Nilipomuuliza wodini alinijibu, "Mwanangu, mimi nina dawa za kawaida tu." Za kawaida zilikuwa saba.

Kriatinini ya 168, kwa mwanamke wa umri wake, inatoa uchujaji wa figo wa kama 28, na kwa 28 metformini haitakiwi kabisa. Mpaka ni 30. Wakaisimamisha. Lakini trimethoprimu ina ujanja: inazuia kriatinini isitolewe na figo, hivyo damu inasoma vibaya kuliko figo zilivyo. Kwa hiyo tulisubiri. Wiki mbili baadaye, bila Septrin na bila diklofenaki, kriatinini ikawa 124, uchujaji kama 41. Si figo za kijana, ila si za dayalisisi. Kati ya 30 na 45 metformini inaweza kutumika kwa dozi iliyopunguzwa, jumla isizidi gramu moja kwa siku.

Sasa, nani alikosea? Nimeligeuza swali hili mara nyingi. Dozi ilipandishwa kwa sababu tarakimu ilikuwa juu. Septrin ni dawa halali ya UTI, flukonazoli ni dawa halali ya fangasi. Ukimchukua kila mmoja peke yake, ana la kujibu. Kama nikibanwa nichague, nachagua glibenklamidi yenyewe, iliyomkuta Bibi ana miaka 57 ikaendelea naye hadi 68 kana kwamba figo hazizeeki. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 wa dawa za hatua ya pili na ya tatu, linasema wazi kwamba glibenklamidi iepukwe kwa wenye miaka 60 na zaidi, na kwamba pale panapohofiwa kushuka kwa sukari itafutwe nyingine ya jamii hiyo iliyo salama zaidi, kama gliklazidi. Lakini glibenklamidi ni rahisi, ipo kila mahali, na mgonjwa ameizoea kwa jina. Kubadilisha dawa ya mtu asiyelalamika kunataka muda, na muda ndio haupo.

Mtu wa Moshi ana bahati ambayo wengi hawana. Ndani ya mji mmoja kuna hospitali ya Mawenzi na kuna KCMC, hospitali ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971, na kuna vituo vya makanisa, zahanati, maduka ya dawa kila kona. Mtu wa vijijini huko mbali ana zahanati moja na mhudumu mmoja anayemjua mpaka jina la ng'ombe wake. Bibi wetu alihudumiwa na watu watano ndani ya wiki mbili.

Tungempa nini badala ya Septrin, kama UTI ilikuwepo kweli? Wengi wanakimbilia cipro. Sipendi hapa: jamii hiyo ya antibaiotiki inavuruga sukari, na Julai 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliongeza ukali wa onyo lake juu ya kushuka kwa sukari hadi kuzimia kwa watumiaji wake, hasa wazee na wanaotumia vidonge vya kushusha sukari. Naitrofurantoini inahitaji figo nzuri kuliko zake. Sefaleksini ingetosha, baada ya kuotesha mkojo. Kwa fangasi, klotrimazoli ya kuweka ukeni badala ya kidonge. Inakaa pale ilipowekwa, haipandi ini. Na kama dawa ni lazima iwe Septrin, basi Daonil ishushwe na kidole kipimwe kila siku. Gliklazidi nayo inapita kwenye mashine ileile ya CYP2C9, kwa hiyo kuibadilisha hakumpi mtu ruhusa ya kumeza flukonazoli ovyo. Dawa ya TB, rifampisini, inafanya kinyume: inaichochea mashine isage kwa kasi, na sukari inapanda bila mtu kula chochote kipya.

Hadi hapo nilikuwa nimeridhika na nadharia yangu. Kisa kilianzia gotini: sindano, sukari, dozi, mkojo, Septrin, fangasi, flukonazoli. Mstari umenyooka vizuri.

Kisha tukafungua lile kopo la Blue Band. Lilikuwa na metformini, vidonge 500 mg, nusu kopo. Daktari akazimwaga kwenye trei tukahesabu viwili viwili: 212. Bibi akageukia ukutani.

"Bibi, hizi zimekaaje hapa?"

"Mwanangu, zinanipeleka chooni mara nne kabla ya misa ya kwanza. Nizimeze niende kanisani na nini?"

"Ulimwambia daktari wa kliniki?"

"Angenigombeza."

Kwa hiyo sukari ilikuwa juu kabla ya goti, na kila ilipokuwa juu aliongezewa Daonil juu ya metformini iliyokuwa ikilala koponi. Sindano ilisukuma tu. Tulirudi kwenye daftari, ambalo kufikia hapo lilikuwa limeletwa, na ukilisoma ukijua habari ya kopo unaona: dozi ya Daonil imepandishwa mara tatu ndani ya miaka miwili, na pembeni kila mara mwandiko tofauti umeandika "anatumia dawa vizuri".

Vidonge vyangu vya Septrin navyo nilivihesabu. Vilibaki kumi kati ya 28. Alivimeza bila kukosa hata kimoja.

Sasa anatumia metformini ya kuachia polepole, 500 mg baada ya chakula cha jioni, na tumbo limekubali. Glibenklamidi imeondolewa, ameanzishiwa gliklazidi 30 mg asubuhi. Dawa ya kutoa maji anameza asubuhi, anaamka usiku mara moja. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimesoma asilimia 7.9, na kwa umri wake na alikotoka daktari hataki kumsukuma chini ya hapo. Daftari linakaa ndani ya mkoba wake wa kanisani. Kwenye bahasha siku hizi naandika jina la dawa, saa, na tarehe, na foleni dirishani inanuna.

Goti bado linauma. Anatumia panadol na dawa ya kuchua, na haziridhishi. Mwezi uliopita aliniuliza kama ile sindano bado ipo. Nikamwambia ipo, ila siku atakayokwenda abebe daftari, na wiki nzima baada ya hapo apime kidole asubuhi na jioni. Akaniuliza hivyo vijiti vya kupimia vinauzwaje, nikamtajia bei, akasema goti linaweza kusubiri.